Simu ya koperative ni ya nani? Somo juu ya kuuza mazao kwa WhatsApp na Facebook



Katika masomo yaliyotangulia tulizungumza juu ya mbegu, nafasi kati ya mistari na kukausha mpunga. Mwezi huu tunaweka jembe pembeni kidogo na kushika simu. Mzee mmoja wa koperative alinicheka: "Injenieri, weye ni mtu wa mimea. Facebook unaijulia wapi?" Ana haki. Kwenye IFA-Yangambi nilisoma udongo, wadudu na magonjwa ya muhogo. Kuuza kwa simu sikufundishwa hata saa moja. Nilifundishwa na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa langu. Ninaanza na hilo.

GUNIA 40

Kulikuwa na koperative moja ya barabara ya Buta, upande wa Bengamisa, ambayo nilikuwa nikiisindikiza. Mavuno yalikuwa mazuri, depo imejaa, na wanunuzi wa kawaida, wale wanaopita na kinga na pikipiki, walikuwa wanataka bei ya kutupa. Nikasema: tutangaze wenyewe mjini. Nikapiga foto ya depo, nikaandika katika kikundi kimoja cha WhatsApp cha watu wa Kisangani: "Mpunga mzuri wa Bengamisa, gunia 40, bei nafuu, karibuni." Nikaweka nambari yangu. Kazi ya dakika 5. Nilijiona mjanja.

Kesho yake mama mmoja mwenye restora katika komini ya Makiso akaniita. Aliuliza kama gunia ziko kweli 40. Nikamwambia ziko. Aliuliza bei ya gunia moja. Nikamwambia. Akafurahi sana, na mimi sikujiuliza kwa nini bei ile inamfurahisha namna hiyo. Siku ya posho akafika na gari la kukodi, yeye na kijana wa kubeba mizigo, vumbi mpaka kwenye kope. Tukafungua depo.

"Injenieri, mupunga iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Lakini hii iko na maganda!"

Kwangu mimi niliyesoma, mpunga ni ule ambao bado una maganda. Ukitoka kwenye mashini unaitwa mchele. Lakini mjini kwetu ni watu wangapi wanaosema "leo tulikula mupunga na samaki"? Kwake mpunga ni kitu cha sufuria. Kila mmoja wetu alisema kweli kwa Kiswahili chake, na gari lilikuwa limekwisha kulipwa.

Angalieni hesabu. Gunia zetu zilikuwa za kilo 60 za mpunga wenye maganda, kwa hiyo jumla ni kilo 2,400. Mashini ndogo za vijijini mara nyingi zinatoa karibu kilo 60 za mchele kwa kilo 100 za mpunga. Mashini nzuri, na mpunga uliokauka sawasawa, inaweza kufika 65. Kilo 2,400 zetu zingetoa kilo 1,440 za mchele, yaani gunia 28 za kilo 50 na kilo 40 zinabaki. Mama yeye alikuwa amehesabu gunia 40 za mchele, kilo 2,000. Zilipungua kilo 560. Na bei niliyomwambia ilikuwa bei ya mpunga. Kwa mchele koperative ingepata hasara. Feza aliyobeba ilihesabiwa kwa bei ile ile.

Kamati ikakaa chini ya mwembe mpaka jua likapinduka. Mwishowe tulisaga gunia 20 za mchele, koperative ikalipa gharama ya mashini na nusu ya feza ambayo dereva aliongeza kwa kungojea. Mashini ilisaga mpaka usiku, na katikati mafuta yakaisha. Mama aliondoka akiwa amekasirika, na kwa kweli hakutukana mtu, jambo lililoniuma zaidi. Mpaka leo nikiweka tangazo kwenye statu ya simu, ninaona jina lake kati ya walioangalia. Hajibu.

Nilipomweleza baba yangu habari hii, alinikumbusha lokole. Wazee wa Walokele, watu wa mto upande wa Isangi na Yangambi, walikuwa wakitumiana habari kwa ngoma ile ya mti uliochongwa ndani. Mmisionari Mwingereza, John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Alieleza kwamba lokole ina sauti 2 tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yana mlio mmoja. Ndiyo sababu mpigaji hapigi neno moja kavu. Anapiga fungu refu linaloeleza kitu chenyewe, na anarudia, ili mtu wa mbali asichanganye.

WhatsApp ni vile vile. Anayesoma hakuoni uso, hawezi kutia mkono ndani ya gunia, hawezi kukuuliza kwa macho. Mimi nilipiga neno moja kavu.

TANGAZO LINALOSEMA YOTE

Baada ya siku ile tuliandika tangazo jipya pamoja na sekretere wa koperative, mama mmoja ambaye hakumaliza masomo ya sekondari lakini anajua bei ya kila kitu kwenye soko. Hili hapa, na munaweza kulichukua na kubadilisha:

"Mchele uliosagwa, bila maganda, wa Bengamisa. Mavuno ya mwaka huu. Gunia 8 za kilo 50, zimepimwa kwenye mizani. Punje zilizovunjika ziko, kidogo. Bei kwa gunia: ... FC, kwenye depo yetu. Gari ni juu ya mnunuzi. Depo inafunguka siku ya ine na siku ya posho, saa 2 asubuhi mpaka saa 9. Bei hii inadumu mpaka tarehe ... Uliza Mama Sekretere kwenye nambari hii."

Ni refu, ndiyo. Kijana mmoja aliniambia watu wa Facebook hawasomi maneno mengi. Mwenye kutafuta mchokozi wa kucheka naye hasomi, lakini mwenye kutaka kukodi gari anasoma mpaka nukta ya mwisho, na huyo ndiye tunayemtafuta.

Mambo mawili katika tangazo hilo watu wanayasahau. La kwanza ni "kwenye depo yetu". Gunia moja kwenye depo na gunia lile lile kwenye bichi ya Kisangani si bei moja. Kama hamkuandika, mnunuzi atachukua ile inayomfaa yeye. La pili ni tarehe ya mwisho ya bei. Tangazo linazunguka. Mtu analituma kwa shemeji yake, shemeji analituma kwenye kikundi cha kanisa, na baada ya miezi 2 mtu anakuita na kusisitiza bei ya zamani, tena ana foto ya kukuonyesha. Tarehe inakulinda.

Na punje zilizovunjika? Prezida hakutaka tuziandike. "Ni kujichafua wenyewe," alisema. Tukabishana. Mimi ninafikiri mnunuzi aliyeambiwa mapema anafika akiwa na moyo mtulivu. Aliyegundua mwenyewe anatafuta na mengine. Wanunuzi wa restora wengine wanataka kabisa mchele uliovunjika, kwa sababu bei yake ni ndogo. Lakini kama hamtaki kuuandika, basi kausheni vizuri kabla ya kusaga, mpaka maji ndani ya punje yafike karibu asilimia 14. Mpunga uliosagwa na maji mengi unavunjika-vunjika, na hakuna foto itakayouponya.

Kuhusu foto nitasema machache. Pigeni asubuhi, nje, jua likiwa upande wa mgongo wenu. Fungueni gunia, mtu atie mkono na kuinua punje. Foto ya pili iwe ya mizani ikionyesha kilo. Kwa mafuta ya ngazi, tieni kidogo ndani ya chupa safi na kuishika mbele ya mwangaza. Musichukue foto ya watu wengine kwenye intaneti: niliona tangazo la koperative moja lenye mchele wa Asia, punje ndefu nyeupe kama meno ya mtoto, na ndani ya depo ulikuwa mchele wetu wa kawaida, mzuri kabisa kwa kula, ambao sasa ulionekana mbaya kwa sababu ya uongo wa foto. Na kama uso wa mtu unaonekana, ombeni ruhusa yake kwanza, hasa wamama walio kazini na watoto. Ni adabu, na Kanuni ya numeriki ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu juu ya kulinda habari za watu.

NAMBARI YA NANI?

Hapa ninaomba musome polepole, kwa sababu ndipo koperative nyingi zinaanguka.

Ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, iko koperative ya mafuta ya ngazi ambayo sitaitaja. Walikuwa na kijana mwenye akili, mwana wa memba mmoja. Alikuwa na simu ya Androidi, na wao walikuwa na mabidoni ya mafuta. Wakamwambia: "Mwanetu, utusaidie kutangaza." Akaanza. Alijiunga na vikundi vya wamama wa soko, vya watengenezaji wa sabuni, vya watu wanaopeleka mizigo Kinshasa kwa baleniere. Aliandika kwa Lingala kwa wale wa mto, kwa Kiswahili kwa wale wa Mangobo, na sauti zake za kurekodi zilikuwa fupi na za heshima. Kisha miezi michache mafuta yalikuwa yanaisha kabla ya juma kuisha.

Kijana yule hakulipwa hata franka. Mega alinunua mwenyewe. Betri alienda kuchaji kwenye panneau ya jirani, kwa feza yake. Alipoomba kitu, aliambiwa kwamba kucheza na simu si kazi, na kwamba baba yake anapata faida kama memba. Aliomba mara ya pili. Mara ya tatu hakuomba. Alianza kununua mafuta kwa watu wengine na kuyauza kwa wanunuzi wale wale, kwa nambari ile ile, kwa sababu nambari ilikuwa yake tangu mwanzo. M-Pesa ilikuwa kwa jina lake pia. Wanunuzi hawakujua kama kitu kimebadilika. Waliita, aliitika, mafuta yalifika.

Koperative ilibaki na mabidoni. Munajua mafuta ya ngazi yakikaa muda mrefu, hasa kama yana maji na uchafu ndani, asidi inapanda, na bei inashuka. Waliuza sehemu kubwa kwa watu wa sabuni, kwa bei ya sabuni. Wengine wa wanamemba walikuwa wamehesabu feza ile kwa masomo ya watoto ya mwezi wa 9.

Niliitwa kwenye mkutano wao. Walitaka niseme mbele ya watu wote kwamba kijana ni mwizi. Sikusema. Niliwauliza: simu ni ya nani? Ya kwake. Nambari? Ya kwake. Mega? Muda wake wa usiku, wakati network iko nzuri? Baba yake alikuwa amekaa nyuma, kichwa chini. Ninakubali kwamba kijana angepaswa kuwaambia wanunuzi kama mafuta si ya koperative tena. Pale alikosa, na nilimwambia uso kwa uso. Lakini mlango ulifunguliwa na kamati.

Basi, kabla ya tangazo la kwanza, fanyeni haya.

Nunueni nambari ya koperative. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na ambayo inatuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, inasema kwamba koperative iliyoandikwa kwenye rejista ya koperative ni mtu mbele ya sheria. Mtu huyo anaweza kuwa na mali yake: mashini, depo, mizani. Nambari ambayo wanunuzi 100 wanaijua ni mali kuliko mizani. Endeni kwenye ofisi ya kampuni ya simu na hati zenu, muulize masharti ya kuandikisha nambari kwa jina la koperative. Kama haiwezekani, mkutano uchague mtu ambaye nambari itaandikwa kwa jina lake, na neno hilo liingie kwenye muhtasari wa mkutano na sahihi: nambari fulani ni ya koperative, fulani anaibeba tu.

Tumieni WhatsApp Business, hailipiwi. Wekeni msimbo wa siri wa tarakimu 6, na watu 2 wa kamati waujue, kwa sababu simu inaweza kuanguka mtoni au kuibiwa kwenye soko. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi 2 au 3, hata mmoja akiondoka wengine wanabaki na ufunguo. Na daftari. Ninarudia, daftari la karatasi: jina la mnunuzi, nambari yake, anachonunua, siku aliyonunua mara ya mwisho. Vijana wanacheka daftari. Wale wanaokumbuka tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, wakati intaneti ilikatwa nchi nzima karibu majuma 3, hawacheki. Simu za kawaida za sauti zilifanya kazi. Mwenye nambari za watu kwenye karatasi aliwaita.

KUMLIPA ANAYEFANYA KAZI

Mutaniuliza: tulipe kiasi gani? Siwezi kuwapangia, kila koperative inajua mfuko wake. Lakini njia za kulipa hazina matokeo sawa.

Koperative nyingi zinapenda asilimia: ukiuza gunia, unapata kitu kidogo. Inaonekana ya haki na haiumi mfuko wakati hakuna mauzo. Mimi siipendi ikiwa peke yake. Mtu anayekula kwa gunia atatangaza na gunia ambazo bado ziko shambani. Ataahidi siku ya tano wakati barabara imekatika na yeye anajua. Na wakati ambapo hakuna mazao hatajibu mtu, lakini ni wakati ule ule mnunuzi anaulizia mavuno yajayo yatatoka lini. Ninawashauri kiasi kidogo cha kudumu kila mwezi, mega na chaji vilipwe na koperative, kiisha nyongeza ndogo mwisho wa msimu kama daftari linaonyesha wanunuzi waliorudi. Waliorudi, nasisitiza, maana kumpata mtu mara moja hata mimi niliweza.

Na muchague nani? Wengi wanamtazama kijana anayejua simu. Simu inafundishwa kwa siku 2. Kujua kama mafuta haya ni ya juma hili au ya mwezi uliopita, kujua kumjibu mnunuzi mwenye hasira bila kumwongezea hasira, hayo hayafundishwi kwa siku 2. Pale Bengamisa tuliweka watu wawili: Mama Sekretere anasema bei na kiasi, msichana wa jirani yake anaandika na kupiga foto. Hakuna tangazo linalotoka kabla mama hajaingia kwenye depo na kuhesabu kwa kidole. Wanagombana kila juma, na tangazo linatoka sawasawa.

KAZI YA KILA SIKU

Watu wanafikiri kazi hii ni kutangaza. Kutangaza ni sehemu ndogo. Kujibu ndiko kunakula saa. Mnunuzi anaandika asubuhi kwa watu 3 au 4, na anayemjibu kwanza kwa bei iliyo wazi anamchukua. Kama kijijini kwenu network inashika tu juu ya kichuguu fulani au jioni baada ya saa 12, semeni hivyo: WhatsApp Business ina ujumbe unaojiandika wenyewe, "Tunajibu saa 12 jioni. Kama ni ya haraka, piga simu." Mtu anayejua atajibiwa saa ngapi anangoja. Programu hiyo ina pia alama za rangi za kuweka juu ya kila mnunuzi: mpya, anangoja, amelipa, amekwisha kupata mzigo. Zitumieni, mutaepuka kumuuliza mtu feza ambayo amekwisha kulipa, na aibu yake.

Juu ya kutuma kwa watu wengi pamoja, kuna jambo ambalo limesumbua wengi. Orodha ya utangazaji ya WhatsApp inafikisha ujumbe kwa wale tu waliohifadhi nambari yenu katika simu yao, na orodha moja haipiti watu 256. Statu pia inaonwa na wale tu ambao munajuana kwa nambari, na baada ya saa 24 inapotea. Kwa hiyo kila mnunuzi akija kwenye depo, kabla gari halijaondoka, mwombeni aandike nambari ya koperative katika simu yake mbele yenu. Ni dakika moja. Na andikeni nambari ile ile kwa rangi juu ya gunia na juu ya bidon, maana bidon inatembea kuliko tangazo lolote: inapanda juu ya toleka, inavuka mto, inakaa mbele ya mama wa soko siku nzima.

Musijaze vikundi vya watu kwa matangazo kila asubuhi. Mara 1 au 2 kwa juma, wakati kuna kitu kipya cha kusema, inatosha. Siku ambayo mazao yameisha, andikeni "Yameisha" kwa herufi kubwa. Kuna koperative zinazoogopa neno hilo. Lakini mama wa restora aliyeona "Yameisha" anajua kwamba siku mutakapoandika "Yako", yako kweli.

Juu ya feza nitasema kwa ukali kidogo. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu mwaka 2012, na zile za makampuni mengine, zimetuondolea hatari ya kubeba feza njiani. Zimeleta wajanja pia. Mtu anatuma ujumbe unaofanana kabisa na ule wa malipo, anakuonyesha, anataka mzigo haraka haraka, gari linangoja. Usisome ujumbe, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kufungua depo, hata kama mtu ana haraka, na hasa kama ana haraka. Na kama mtu yeyote, hata akijiita mtu wa kampuni ya simu, anaomba tarakimu 6 zilizofika kwa ujumbe, kata simu. Akizipata, WhatsApp ya koperative inakuwa yake, na ataomba mkopo kwa wanunuzi wenu wote kwa jina lenu.

Wale wasio na simu ya Androidi, na ndio wengi kati ya wanamemba, musifikiri somo hili linawapita. Nyinyi ndio munaoleta habari kwenye depo: mpunga wa fulani utavunwa lini, mabidoni mangapi yatatoka juma lijalo, daraja gani limeanguka. Mwenye simu asiyepata habari hizi anatangaza hewa. Wekeni siku moja ya juma ambapo kila kikundi kinamletea hesabu, hata kwa kumtuma mtoto na karatasi.

ZOEZI LA MKUTANO UJAO

Mtu mmoja asome kwa sauti tangazo la mwisho la koperative. Memba mwingine, ambaye hakuwepo wakati wa kuliandika, ajifanye mnunuzi wa Makiso na kuuliza maswali yote yanayobaki: Ni mpunga au mchele? Kilo ngapi? Bei ni ya wapi? Mpaka lini? Andikeni kila swali ambalo tangazo halikujibu, kiisha liandikeni upya.

Baadaye prezida aulize mbele ya wote: nambari yetu imeandikwa kwa jina la nani, nani mwingine anajua msimbo wa siri, na anayejibu wanunuzi analipwa nini? Majibu yaingie kwenye muhtasari. Fungueni daftari la wanunuzi siku hiyo hiyo, hata kama mutaanza na majina 5. Mukija kwenye mafunzo ya mwezi ujao, lileteni. Tutalifanyia kazi pamoja, na nitawaonyesha namna ya kuhesabu mchele utakaotoka kwa mpunga wenu kabla ya kumwahidi mtu yeyote.